Kijiko cha Kwanza

Dhoraji,
Jumatano, juma la toba.

Baba yangu mpendwa,

Nainama miguuni pako, na miguuni pa Bibi pia, ingawa najua atasema nimemgusa kijuujuu tu. Kifua chako je, kimeacha kukubana? Mvua za mwaka huu hazina huruma na wenye vifua, nawe hukawii kutoka bila mwavuli kwa sababu shule ni hapo tu. Ashwin aliniandikia kwamba paa la jikoni limezibwa na kwamba mdogo wangu huyo anahakikisha unakula vizuri. Nimemwamini kuhusu paa.

Desturi inataka sasa niseme kwamba huku nasi sote tu wazima. Baba, nimechoka na neno hilo. Tangu nilipoanza kufunga, kila anayeingia ndani huniuliza kama nipo katika raha, na jibu ni moja, limepangwa tangu enzi za mababu: nipo katika raha, kwa baraka za walimu wetu. Hakuna jibu la pili. Mwenye kufunga hasemi kichwa kinamgonga wala magoti hayamtii. Nimelitoa jibu hilo kwa wageni wengi mno, hata siku moja nikamjibu hivyo muuza maziwa, naye alikuwa ameuliza tu kama tunataka lita moja au mbili. Wewe sitakujibu hivyo. Huku si wazima.

Kila mwaka barua ya kukuomba msamaha huwa naiandika siku yenyewe ya kusameheana. Mwaka huu naitanguliza, kwa sababu mume wa jirani yetu Lilaben anapanda treni jioni hii kwenda kununua vitambaa, na amekubali kushuka Limbdi akupe mkononi. Simu iko sebuleni, na sebule imejaa watu. Mwishoni nitakuomba jambo zito, na ukikataa sitakulaumu. Lakini nikikuomba kabla hujajua yaliyotokea utaniona nimerukwa na akili. Kwa hiyo soma kwa mpangilio, usiruke kurasa kama unavyofanya na magazeti.

Kadi najua imekufikia. Jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu, na chini yake lako. Inasema kwamba Jumapili, siku ya pili baada ya kusameheana kuisha, binti yako atapandishwa gari la farasi, atazungushwa mji kwa bendi, kisha mbele ya jumuiya nzima atafungua saumu ya mwezi mzima, nawe utamtilia kinywani kijiko cha kwanza cha maji ya choroko. Hapa hakuna mwanamke anayefunguliwa na nyumba aliyoolewa. Hufunguliwa na mkono wa kwao, na asiye na mtu kwao huonewa huruma kuliko mgumba.

Sikuanza kwa ajili ya kadi. Nilitaka siku tatu tu. Ulitufundisha tukiwa wadogo kwamba njaa ni mgeni, ukimfukuza haraka hutajua alikuja kusema nini, na nyumbani kwetu kufunga lilikuwa jambo la kimya. Ashwin hakuwa anajua nimefunga mpaka aone sahani yake imeongezeka. Baba, miaka hii miwili ya ndoa imenipita nikiwa kama nimelala. Naamka, nachemsha maji, nachekecha unga, nafunika kichwa, nasema ndiyo Mama. Nikataka kujua kama ndani yangu bado kuna mtu. Nikaona nitafunga, nitakaa kimya, nitamsikiliza.

Na kweli siku za kwanza zilinifundisha haraka. Nilijua kwamba mimi ni mtu wa hasira, jambo ambalo Bibi alikuwa akilisema nami nikilikataa. Nilimchukia Kirit, mume wangu ambaye hajanikosea kitu, kwa namna anavyotafuna. Nilikuwa nahesabu matonge ya watu mezani kama mwenye deni lao. Halafu hasira ikapungua, nikapata utulivu niliokuwa sijaupata tangu niondoke kwako. Laiti ningeishia hapo.

Unajua utaratibu. Kila asubuhi mwenye kufunga huenda nyumba ya watawa kuchukua nadhiri ya siku ile. Mtawa husoma, mfungaji hukutanisha viganja na kuinama, basi umefungwa hadi jua la kesho, mchana na usiku, bila kitu ila maji yaliyochemshwa. Siku zangu tatu zilipotimia, asubuhi niliyopanga kwenda kusema nimemaliza, Mama mkwe alifuatana nami. Mtawa Suvrata, ambaye ni msichana mdogo kuliko mimi na ana macho ya mtu aliyekwisha kusikia kila uongo, aliniuliza nataka nadhiri ya nini. Kabla sijafungua mdomo, Mama akiwa nyuma yangu akasema, kwa sauti ya kufika barazani, kwamba mkaza mwana wake anakwenda siku nane, na baada ya nane anakwenda mwezi. Wanawake wakapaza sauti za kusifu. Mtawa hakusoma. Alinitazama akasubiri, Baba, nataka ujue kwamba alisubiri. Nami nikakutanisha viganja.

Mama Kanchan unamjua. Ndiye aliyezirudisha halua zako siku ya harusi yangu akisema samli yake si ya ng'ombe, na ndiye anayekuita mwalimu wa chaki mpaka leo. Ila kuna jambo hulijui. Alipokuwa mkaza mwana kama mimi alijaribu mwezi huo huo, na zilipobaki siku chache akaanguka, daktari akamlazimisha kunywa maziwa. Imepita miaka mingi, mumewe amefariki, duka la vyombo vya shaba limekuwa kubwa, na bado wanawake wakikosana naye hekaluni humuuliza, “Kanchan, mwezi wako umeshatimia?” Alinyamazia kejeli hiyo maisha yake yote. Kisha mimi nikaingia nyumbani kwake nikafunga siku tatu bila kulalamika.

Baba, niligeuka kuwa mtu. Jioni wanawake walikuja kuniimbia. Walinipaka hina, wakanigusa magoti wapate baraka, wakaniletea watoto wao wagonjwa niwawekee mkono. Mama mwenyewe alinichemshia maji ya kunywa na kunibebea, yeye ambaye hajawahi kunibebea hata taulo. Lilaben, ambaye mdomo wake hauna komeo, alinipapasa mkono akasema, “Mwali, umetuharibia soko. Sasa mume wangu ananiuliza mimi nafunga lini. Nimemwambia mimi nafunga mlango tu, tena nikiona wageni.” Wote walicheka, wote wakaniambia siku zilizobaki si kitu, nitazimaliza nikiwa nimekaa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na Kirit, ambaye kwa miaka miwili alinisemesha kuhusu chumvi tu, alikaa kando ya kitanda akinipepea na kuniuliza nilipokuwa mtoto nilicheza wapi.

Mgeni wako yule, njaa, aliendelea kusema, lakini sikuwa namsikia tena kwa kelele za nyimbo. Nilichosikia ni mwili. Moyo ulikuwa unapiga kama unaomba kutoka. Nywele zilibaki mkononi nikizichana. Nikamwambia Kirit nataka kufungua. Akasema, “Taru, kadi zimeshakwenda. Mama atauweka wapi uso wake?” Akaongeza kwamba ni siku chache tu hizo. Nilimuuliza kama yeye angeweza hata moja. Akacheka kidogo, akasema yeye chai ikichelewa tu anaona nyota. Hakusema kwa ubaya. Hakuna aliyekuwa mbaya katika jambo hili, na hiyo ndiyo sababu sikupata mahali pa kutokea. Ungekuwa ukuta ningeupiga ngumi, lakini mtu atampiga nani anayempaka hina?

Na bado mlango ulikuwa wazi. Nadhiri ni ya siku moja. Jua likichomoza inaisha, na kutoka kwetu hadi kwa watawa ni kichochoro kimoja. Katika kichochoro hicho nilikuwa huru kila asubuhi. Ningesema neno moja yangekwisha. Kila asubuhi niliingia, Mtawa Suvrata akasubiri kidogo, nikakutanisha viganja. Kufungwa na watu ni kitu kimoja, Baba, lakini mimi nilikuwa najirudisha ndani mwenyewe na kuufunga mlango kwa mkono wangu.

Wiki iliyopita, Jumatatu mchana, nyumba nzima ilikwenda kusikiliza hotuba. Nilishuka ngazi kwa makalio kama mtoto, nikaingia stoo, nikafungua bati la khakhra. Unajua mikate ile ilivyo mikavu, huwezi kuitafuna bila jirani kujua, kwa hiyo niliweka kipande ulimini nikakiacha kilowe mate. Kisha kingine. Sikulia, nilikuwa na kazi ya kumeza. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesahau miwani akarudi kuichukua.

Nilidhani atapiga kelele. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akaninyang'anya bati. “Mikavu, Taruna? Tumbo limelala siku zote hizo unaliamsha kwa mikate mikavu? Unataka kufia humu stoo, watu waseme nini?” Akaenda jikoni. Alirudi na kikombe cha maji ya choroko, yametiwa chumvi kidogo, akanishika kisogo akaninywesha taratibu. Nilipomaliza akapangusa kikombe kwa upindo wa sari, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Jumapili hiyo ya gari, utapanda.”

Toka siku ile kila alasiri aliniletea kikombe chini ya sari. Wanasema mwenye njaa hana miiko. Sisi tulikuwa nayo yote. Maji yalikuwa yamechemshwa, kitunguu hakikuguswa, na jua likielekea kuzama alikuja kukichukua kikombe hata kama sijamaliza, maana kula gizani ni dhambi. Tulikuwa tunaudanganya mji mzima na bado tunaogopa kula usiku. Nilipomuuliza kuhusu nadhiri ya asubuhi, nitakutanishaje viganja wakati nimekula, alijibu, “Viganja kutanisha, moyoni usikubali. Nani anauona moyo?” Nilitaka kumwambia kwamba dini yetu nzima imejengwa juu ya swali hilo. Lakini kikombe kilikuwa bado mikononi mwangu, nikanywa.

Ijumaa alianguka bafuni. Kirit alisema ni ukungu kwenye sakafu, mvua zimezidi. Nilikuwa namfunga kitambaa kwenye kiwiko, uso wangu uko karibu na wake, nikasikia pumzi yake. Harufu ile naijua, Baba. Ni ya kinywa cha mtu ambaye hajala siku nyingi, ina utamu wa tunda lililolala. Nimeibeba mwenyewe zaidi ya wiki mbili. Nikamuuliza alikula lini mara ya mwisho. Akaniambia nifunge kitambaa vizuri, mbona kimelegea. Nikauliza tena. Akatazama mlango, akasema siku niliyokula mimi ndiyo siku aliyoacha yeye. Chakula chake alikuwa akimpa ng'ombe wa mlangoni. Saumu iliyotangazwa kwa jina la nyumba hii lazima ikamilishwe na mtu wa nyumba hii, na kwa kuwa mimi nimeshindwa, yeye ataunganisha pale nilipokatia, mwezi utimie.

Nikamwambia uliyotufundisha, kwamba hakuna amfungiaye mwenzake, tendo la mtu humfuata mtendaji mwenyewe. Mwanamke huyu hajakosa hotuba hata moja tangu nimjue, na maandiko anayajua kuliko mimi. Alinijibu, “Najua. Unadhani sijui? Nyamaza unywe.”

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu zaidi, kwa sababu tulianza kuzungumza. Alasiri tulikaa chumbani, mlango umefungwa, wanawake chini wanadhani ananisomea maandiko. Mimi nakunywa, yeye ananitazama ninavyokunywa. Siku moja akasema njaa imemwambia jambo la aibu: kwamba anakula mikononi mwangu miaka miwili na hajui mimi napenda chakula gani. Nikamwambia napenda wali wa jana uliokaangwa na pilipili. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema hicho hata ng'ombe wa mlangoni angekirudisha. Nilianza kumpenda, Baba. Sikutegemea. Na kadiri nilivyompenda ndivyo nilivyozidi kukwama, maana nikisema ukweli nitamvua nguo mbele ya mji uliomcheka maisha yake yote, na nikinyamaza nitamwona akiisha mbele yangu. Ana umri wa miaka sitini na kitu. Anameza vidonge vya presha tumbo likiwa tupu. Nilimsihi. Akasema atakula Jumapili nyuma ya pazia, nikishafunguliwa mimi. Kisha akanishika mkono akanipeleka kwa Kirit, aliyekuwa amelala usingizi wa mchana, akauweka juu ya kichwa chake, akaniapisha kwa uhai wa mwanawe nisimwambie mtu.

Jana alinitazama akashindwa kulikumbuka jina langu. Alitafuta, midomo ikicheza, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa.

Sasa nakueleza lililo baya kuliko yote, na ningependa ulisome ukiwa umekaa. Utasema nilinyamaza kwa sababu ya kiapo, au kwa kumhurumia. Nimejiuliza hivyo siku kadhaa, na sasa nimeshiba kiasi cha kujijibu. Nilinyamaza kwa sababu nililitaka lile gari. Nilitaka farasi wavishwe maua, nilitaka wanawake wanaoniita mtoto wa mwalimu wa chaki wasimame juani kuningoja nipite. Mama alikuwa anaisha chumba cha pili, nami nilikuwa nachagua sari. Nilifunga ili nijue ndani yangu kuna nani. Basi nimemkuta. Njaa yake haikuwa ya chakula, ilikuwa ya kutazamwa, na angemwacha mtu afe ili atazamwe.

Leo asubuhi tulikwenda kwa watawa kama kawaida. Kwa kuwa ni juma la toba ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mama alisimama nyuma yangu akinishika bega, na nilijua ni yeye anayejiegemeza. Mtawa Suvrata akaniuliza, akasubiri. Mikono yangu nikaiacha chini. Nikasema nimekula, tena si leo tu, nimekula tangu wiki iliyopita, na aliyefunga ni huyu aliyeko nyuma yangu, na akiendelea atakufa. Nilisema kwa sauti ndogo lakini ilisikika mpaka kwenye ngazi. Kisha mtu mmoja upande wa dirishani akauliza ule msemo wao, kama mwezi wa Kanchan umetimia safari hii, na wawili watatu wakacheka.

Mama hakunipiga. Alijivuta sari usoni, akatoka, akarudi nyumbani mvuani akishika kuta. Mtawa aliniuliza jambo moja tu, kama nimemsemea Mama au nimejisemea mimi. Nikamwambia sijui. Akasema niendelee kutojua hivyo hivyo, ila nimkimbilie.

Nilimkuta ameshajifungia katika chumba cha sala na kutia komeo. Kirit alimlilia mlangoni, mtu mzima yule, mpaka nikamwonea haya. Alimwambia hakuna gari, hakuna bendi, kadi zote atazichoma, ale tu. Sauti ya ndani ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. “Nimefunga. Mmeshaamua kila mtu ajue, basi nitafunguliwa kama wanavyofunguliwa watu. Aje mtu wa kwetu anipe kijiko.”

Baba, kwao hakuna mtu. Wazazi walikwenda zamani, kaka yake pekee alikufa bila mtoto, na nyumba yao ni ghala la karanga la watu wengine. Anajua anachosema. Wanawake waliojaa sebuleni wanajua pia, na wameanza kunong'ona kwamba ameamua kuondoka duniani polepole kwa kufunga, kama wazee watakatifu wa zamani. Wawili wamekuja na maua tayari. Lilaben amewatoa kwa ufagio akiwaambia wakapike kwao, hapa hakuna aliyeaga. Lakini si utakatifu. Nimekaa naye alasiri zote hizi, namjua. Ni aibu imemfungia mlango, na hana namna ya kuufungua bila kuonekana ameshindwa mara ya pili.

Hili ndilo ombi langu. Mwezi uliopita, siku ya uzi, ninyi wanaume mlifungwa nyuzi na dada zenu mkononi. Wewe ulitufundisha kwamba mwanaume akishafungwa uzi na mwanamke ni kaka yake, hata kama wamekutana njiani, na nyumba yake ni kwao. Sijasikia mahali popote kwamba uzi una siku moja tu. Usije Jumapili. Njoo kesho kwa treni ya kwanza. Usilete sari wala halua wala chochote cha kupimwa. Simama mbele ya mlango ule useme wewe ni kaka yake, umetoka kwao, umekuja kumfungua. Atakutukana. Atakuuliza mwalimu wa chaki amepata dada tangu lini. Mwache atukane, maana anayetukana bado ana pumzi. Uzi nitausokota mimi na kuupitisha chini ya mlango, na choroko nitazichemsha. Wewe njoo na mkono tu.

Najua nakuomba umpe udugu mtu aliyekudharau mbele ya wageni mia. Najua pia namwombea mtu niliyemvua nguo asubuhi ya leo. Sina wa kumwomba mwingine.

Kama nimekuumiza mwaka huu, kwa wazo, kwa neno au kwa tendo, kwa kujua au bila kujua, nisamehe. Miaka mingine niliyaandika maneno haya huku nikifikiria chakula cha jioni. Mwaka huu fungu la kwa kujua ni kubwa. Msalimie Bibi, mwambie nimekula wali leo mchana kweupe, mbele za watu, na umekaa tumboni vizuri. Ashwin mwambie asikuache utoke bila mwavuli.

Mume wa Lilaben ameshafika, yuko ngazini anakohoa ili niharakishe. Nimekwenda kwanza kugonga chumba cha sala, nikamwambia Mama kwamba nimekuandikia na nimekuomba nini. Nikaweka sikio kwenye ubao nisikie kama anapumua. Kisha akauliza, mwalimu chai yake huwa anatia sukari au hatii. Nimemwambia utamjibu mwenyewe.

Mimi binti yako,
Taruna